Masimulizi Makuu na Sauti za Wanyonge: Funzo la Algeria katika Historia ya Fikra za Umaksi

Kila umma una namna yake ya kujisimulia. Watu huelezana walikotoka, waliyopambana nayo na wanakokwenda, na maelezo hayo, yakisharudiwa kizazi hata kizazi, huwa ndiyo kipimo cha mema na mabaya yao. Kwa hiyo mtu achunguzaye utamaduni wa watu hana budi kuchunguza pia masimulizi yao ya historia: nani anasimulia, nani anasimuliwa, na nani hakutajwa kabisa. Wahenga wamesema kwamba kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwanafunzi wa historia yampasa auone mkono uvutao, na vilevile aulize ngozi yenyewe ni ya nani.

Katika makala hii tunakusudia kueleza mzozo mmoja wa fikra ulioshughulisha sana wanafalsafa wa Ulaya na Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Baadhi ya wanafalsafa hao, wale wa falsafa ya baada ya usasa, walisema kwamba masimulizi makuu hayaaminiki tena. Masimulizi makuu ni yale yanayodai kueleza safari yote ya wanadamu, toka mwanzo wake hadi mwisho wake, na kumgawia kila mtu nafasi yake katika safari hiyo. Umaksi ulitajwa miongoni mwa masimulizi hayo. Kwa sababu hiyo wapo wadhanio kwamba falsafa hii ni adui aliyetoka nje kuja kuubomoa Umaksi. Sisi tunaona sivyo. Kwa mtu aliyeipa jina shaka hii ilizaliwa ndani ya nyumba ya Umaksi yenyewe, na mahali pamoja ilipoanza kuota ni katika bara letu la Afrika, wakati wa vita vya ukombozi wa Algeria. Tukiijua asili yake hiyo, tutaweza kujua pia thamani yake na mpaka wake.

Marx na ngazi ya historia

Mwezi wa Februari 1848 Karl Marx na Friedrich Engels walitoa mjini London Ilani ya Chama cha Kikomunisti. Humo waliieleza historia ya jamii kuwa ni historia ya mapambano ya matabaka. Nguvu ya maelezo hayo haikuwa ndogo. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini Manchester, ambaye siku zote alikuwa ameambiwa kwamba ufukara wake ni majaliwa au ni malipo ya uvivu wake, sasa aliambiwa kwamba ufukara huo una chanzo kilichofanywa na watu, na kwamba watu wanaweza kukiondoa. Fauka ya hayo aliambiwa kwamba yeye si mpita njia katika historia, bali ndiye atakayeitimiza. Mwaka 1867 Marx alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa juu ya mtaji, akafafanua kwa utaratibu jinsi bepari anavyojipatia thamani ya ziada kutokana na jasho la mfanyakazi.

Lakini maelezo yaliyoanza kama taa yalikuja kufanywa ngazi. Mwaka 1938 Stalin, katika sehemu aliyoiandika kwa ajili ya kitabu cha historia ya chama chake, alizipanga jamii katika hatua tano: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari na ujamaa. Ngazi hiyo ilisafiri mbali sana. Walimu na wanafunzi wa Tanzania wanaijua, maana imefundishwa katika madarasa ya historia kwa miaka mingi. Hapana shaka kwamba ina faida yake: inamzoeza kijana kuuliza nani anamiliki ardhi na zana, na nani anakula jasho la nani. Hata hivyo ina hatari. Ikisomwa kama sheria isiyovunjika, kila umma hutafutiwa kidato chake kwa nguvu, na usioenea kidatoni huambiwa kwamba umechelewa.

La kustaajabisha ni kwamba Marx mwenyewe hakukubali sheria ya namna hiyo. Mwaka 1881 mwanamapinduzi wa Kirusi, Bibi Vera Zasulich, alimwandikia akimwuliza kama vijiji vya Urusi, ambavyo wakulima wake walimiliki ardhi kwa pamoja, havina budi kuvunjika kwanza na kupitia ubepari ndipo ujamaa uje. Marx aliandika rasimu kadhaa za jibu, kisha mwezi wa Machi akatuma barua fupi. Alisema kwamba aliyoyaeleza katika kitabu chake kuhusu kunyang'anywa wakulima ardhi zao yalihusu nchi za Ulaya ya Magharibi, na kwamba kijiji cha Urusi kingeweza kuwa nguzo ya uhai mpya wa nchi hiyo, ilimradi kiondolewe madhara yaliyokizunguka. Basi mtu anayeitumia ngazi kama fimbo ya kuwachapia watu hawezi kudai kwamba aliyempa fimbo hiyo ni Marx.

Mwalimu wa Constantine

Mwaka 1950 kijana wa Kifaransa aitwaye Jean-François Lyotard, aliyezaliwa 1924, alipelekwa kufundisha falsafa katika shule ya sekondari mjini Constantine, mashariki ya Algeria. Alikaa huko hadi 1952. Ufaransa ilikuwa imeivamia Algeria mwaka 1830, na kwa sheria zake iliihesabu nchi hiyo kuwa ni sehemu ya Ufaransa yenyewe. Walowezi wapatao milioni moja waliishi humo kati ya Waislamu zaidi ya milioni 8, na ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa walowezi. Tarehe 8 Mei 1945, siku ambayo Ulaya ilikuwa ikisherehekea kushindwa kwa Hitler, maandamano ya Waalgeria katika mji wa Sétif yaligeuka kuwa ghasia, na ukandamizaji uliofuata uliua maelfu ya watu. Mwalimu huyo kijana aliikuta kumbukumbu hiyo ingali mbichi.

Huko Algeria Lyotard alikutana na mwalimu mwenzake wa historia, Pierre Souyri, naye akamwongoza katika elimu ya Umaksi. Mwaka 1954 wote wawili walijiunga na kikundi kidogo cha Paris kilichokuwa kikitoa jarida liitwalo Socialisme ou Barbarie, yaani Ujamaa au Ushenzi. Kikundi hicho kilianzishwa na Cornelius Castoriadis na Claude Lefort, na jarida lake lilianza kutoka mwaka 1949. Wanachama wake walikuwa Wamaksi, lakini walisema wazi kwamba katika Urusi hawatawali wafanyakazi, bali limezuka tabaka jipya la maofisa lililokikalia kiti cha bepari.

Tarehe 1 Novemba 1954 vita vya ukombozi vilianza Algeria chini ya uongozi wa chama cha FLN. Lyotard alipewa kazi ya kuandika habari za vita hivyo katika jarida la kikundi, naye aliifanya hadi 1963. Makala hizo zilikusanywa baadaye katika kitabu kimoja mwaka 1989. Tunapozisoma twaona jinsi mtu mwenye imani anavyopimwa na mambo ayaonayo.

Simulizi alilolishika lilimwambia kwamba mfanyakazi wa Ulaya na mnyonge wa koloni ni ndugu, kwa kuwa anayewanyonya ni mmoja. Lakini mambo yalikwenda vingine. Tangu 1939 kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, Maurice Thorez, alikuwa amesema mjini Algiers kwamba Algeria ni taifa ambalo bado linaundwa. Maana ya maneno hayo kwa Mwalgeria ilikuwa kwamba saa yake haijafika. Tarehe 12 Machi 1956 wabunge wa chama hicho hicho waliipigia kura serikali ya Guy Mollet ipewe mamlaka ya pekee katika Algeria. Kwa mamlaka hayo jeshi lilifunga watu bila ya hukumu, na mateso ya wafungwa yakaenea. Chama kilichosema kwamba kinabeba matumaini ya wanyonge wote kilikuwa kimesaidia kufungua mlango wa gereza la wanyonge wa nchi nyingine.

Katika Algeria kwenyewe mambo yalikuwa magumu vilevile. Wazungu wengi wa huko hawakuwa mabwana wa mashamba. Walikuwa mafundi, makarani, madereva na wachuuzi. Kwa hesabu ya matabaka wangepaswa kusimama pamoja na vibarua wa Kiislamu, lakini walio wengi walisimama na walowezi matajiri. Kwa upande wa pili, wapiganaji wengi hawakuwa wafanyakazi wa viwandani, bali wakulima walionyang'anywa ardhi na vijana wasio na kazi, na waliyoyataja walipoitana vitani yalikuwa ni taifa, heshima na dini yao. Lyotard aliunga mkono uhuru wao, tena si kwa kalamu tu. Lakini aliandika pia kwamba ndani ya FLN lilikuwa linajengeka kundi la wakubwa litakalotawala baada ya uhuru kwa jina la wananchi. Algeria ilipata uhuru tarehe 5 Julai 1962. Tarehe 19 Juni 1965 jeshi chini ya Houari Boumédiène lilimwondoa Rais Ahmed Ben Bella, na nchi iliendelea kuwa ya chama kimoja hadi 1989.

Tusisahau kwamba mwaka ule ule wa 1956 ulileta pigo jingine. Mwezi wa Februari Khrushchev aliyafichua mbele ya chama chake maovu ya Stalin. Mwezi wa Oktoba wananchi wa Hungaria waliinuka, na wafanyakazi wakaunda mabaraza yao viwandani. Tarehe 4 Novemba vifaru vya Kirusi viliingia Budapest kuyazima maasi hayo, huku ikitangazwa kwamba linalotetewa ni tabaka la wafanyakazi. Hapo swali lilikuwa limefika mahali pake: ikiwa anayepigwa ni mfanyakazi, na anayempiga anasema kwa jina la mfanyakazi, simulizi hilo ni mali ya nani?

Kikundi kilipogawanyika mwaka 1963, Castoriadis na wenziwe waliuacha Umaksi. Lyotard alibaki na wale walioushikilia, mpaka alipojitenga nao mwaka 1966. Kwa hiyo hakuwa mtu aliyeukimbia Umaksi upepo ulipobadilika. Aliushika kwa muda wa miaka kumi na miwili, na alipouacha aliuacha kwa huzuni. Miaka mingi baadaye, rafiki yake Souyri alipokuwa amekwisha kufariki, alichapisha mwaka 1982 makala ya kumkumbuka, naye akakiri humo kwamba Umaksi ulikuwa bado unamdai jambo.

Ripoti ya mwaka 1979

Baraza la Vyuo Vikuu la serikali ya jimbo la Quebec, nchini Kanada, lilimwomba Lyotard aandike ripoti juu ya hali ya elimu katika nchi zilizoendelea sana. Ripoti hiyo ilichapishwa kitabu mjini Paris mwaka 1979, na ndiyo iliyolieneza jina la falsafa ya baada ya usasa.

Hoja yake ni hii. Kwa muda wa miaka 200 hivi elimu ya Ulaya ilijihalalisha kwa masimulizi makuu mawili. La kwanza lilitokana na Mapinduzi ya Ufaransa: wanadamu wanasafiri kutoka utumwani kwenda kwenye uhuru, na elimu ni silaha yao. La pili lilitokana na Ujerumani, hasa tangu kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1810: roho ya mwanadamu inajitambua hatua kwa hatua, na elimu zote ni viungo vya mwili mmoja. Umaksi uliyumba baina ya hayo mawili. Mara ulisema kwa sauti ya mnyonge anayejikomboa. Mara ulisema kwa sauti ya elimu inayojua kila jambo kabla halijatokea. Sauti hii ya pili iliposhika dola, chama kikawa ndicho mjuzi, na mfanyakazi akawa wa kuambiwa tu.

Lyotard hakuandika hayo ili kumpongeza bepari. Katika ripoti hiyo hiyo alionya kwamba masimulizi makuu yakishapoteza nguvu, mahali pake huweza kushikwa na kipimo kingine kikali zaidi, yaani ufanisi: jambo huhesabiwa kuwa jema kwa kuwa linazaa haraka na kwa gharama ndogo. Elimu hugeuzwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, na swali la mwanafunzi huwa si kama jambo ni la kweli, bali kama linauzika. Mwishoni alitaka hazina za habari zilizomo katika kompyuta zifunguliwe kwa umma. Wasomaji wetu wa leo, wanaojua jinsi habari za watu zilivyogeuka kuwa mali ya makampuni machache, hawatalipuuza onyo hilo.

Majibu ya Wamaksi

Wamaksi hawakunyamaza. Mmarekani Fredric Jameson, aliyeandika dibaji ya tafsiri ya Kiingereza ya ripoti hiyo mwaka 1984, alitoa mwaka huo huo makala yake mashuhuri katika jarida la New Left Review. Alisema kwamba utamaduni wa baada ya usasa wenyewe una chanzo chake, nacho ni ubepari uliofikia hatua mpya, unaozunguka dunia nzima na kuingiza hata picha na ndoto za watu sokoni. Mtu aliyezungukwa na nguvu kubwa asizoweza kuziona zote ni rahisi kusema kwamba hakuna kitu kizima cha kuonwa. Lakini kushindwa kukiona hakukifanyi kisiwepo.

Tunaona kwamba hoja hii ina uzito. Mkulima auzaye kahawa au pamba kijijini hawezi kuifahamu bei anayopewa kwa kuisikiliza hadithi ya kijiji chake peke yake, kwa kuwa bei hiyo huamuliwa katika masoko ya ng'ambo. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kikachapishwa London na Dar es Salaam. Kitabu kile ni simulizi pana, na upana wake ndio uliowawezesha vijana wengi kuona kwamba utajiri wa huko na ufukara wa huku vilikua pamoja.

Tena historia ilionyesha upesi kwamba anayeyakataa masimulizi makuu hana hakika ya kubaki bila simulizi. Mwaka 1989 Francis Fukuyama wa Marekani aliandika kwamba huenda historia imefika mwisho wake, na kwamba demokrasia ya kibepari haina tena mpinzani wa kweli. Dola ya Kisovieti ilivunjika Desemba 1991, na kitabu chake kikatoka 1992. Hilo nalo lilikuwa simulizi kuu. Msimulizi tu ndiye aliyebadilika. Jacques Derrida, mwanafalsafa aliyezaliwa Algeria, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kando ya mabishano ya Umaksi, alisimama mwaka 1993 kumjibu. Alisema kwamba dunia yenye njaa na madeni makubwa namna hii haina haki ya kutangaza kwamba Marx amezikwa.

Dhuluma isiyokuwa na lugha

Mwaka 1983 Lyotard alitoa kitabu kingine, Le Différend, ambacho twakiona kuwa ni muhimu kuliko ripoti yake. Humo alieleza aina ya dhuluma ambayo mdhulumiwa hawezi hata kuishtakia, kwa sababu lugha ya baraza haina neno la kuitajia. Alitoa mfano wa mtu wa Martinique. Kwa sheria yeye ni raia wa Ufaransa, na haki zake za uraia zikivunjwa anaweza kushtaki. Lakini ikiwa linalomwuma ni huko kufanywa raia wa Ufaransa kwenyewe, hakuna mahakama ya Kifaransa iwezayo kulipokea shauri lake. Alitoa pia mfano wa mfanyakazi: mbele ya baraza la usuluhishi hana budi kuizungumza kazi yake kana kwamba ni bidhaa aliyoiuza, ilhali pengine anacholalamikia ni kwamba maisha yake yamefanywa bidhaa. Mfano huu wa pili ni wa Marx kabisa, na twaweza kusema ndilo lile deni ambalo Lyotard alikiri kwamba halijalipwa.

Hapa ndipo tunapouona mpaka wa shaka hii. Shaka ni njema inapomzuia msimulizi asimmeze anayesimuliwa. Ni mbaya inapomwacha mnyonge na hadithi yake ndogo mkononi, bila ya njia ya kuiunganisha na hadithi za wanyonge wenzake. Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Lakini hawakusema kwamba mbacha uliotoboka usishonwe.

Historia yetu wenyewe inatupa ushahidi. Katika kijitabu chake cha 1962 juu ya Ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kukubali kwamba ujamaa wa Afrika lazima uanze na vita vya matabaka kwa kuwa ulianza hivyo Ulaya. Mwaka 1976 Issa Shivji alimjibu kwa kitabu juu ya mapambano ya matabaka katika Tanzania, akaonyesha jinsi maofisa wa dola walivyokuwa wanageuka kuwa tabaka. Yule wa kwanza aliikataa ngazi. Huyu wa pili alikumbusha kwamba kuikataa ngazi hakuondoi unyonyaji. Taifa lilifaidika kwa kuwasikia wote wawili.

Kadhalika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Baada ya uhuru wataalamu walivieleza kuwa ni chimbuko la umoja wa taifa, na mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu walianza kwenda mikoani kukusanya kumbukumbu za wazee. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kila sehemu ilikuwa na sababu zake: huku walichoshwa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kule watawala wa jadi walitaka kurudisha enzi yao, na wapo waliokataa kabisa kujiunga. Je, habari hizi zinaiua ile ya kwanza? La. Zinaionyesha ilivyotengenezwa, na zinawarudishia sauti watu waliokuwa wamefanywa jina moja tu.

Basi mwalimu anapoichora ngazi ya hatua tano ubaoni, asiifute. Bali awaombe wanafunzi wailetee habari za vijiji vyao, waone zinapoenea na zinapogoma. Na kila simulizi lijalo, liwe la chama, la soko au la wataalamu wa ng'ambo, wajifunze kuliuliza maswali mawili: anayesimuliwa ana nafasi ya kujibu? Na ni jambo gani likitokea ambalo litamfanya msimulizi akiri kwamba amekosea? Simulizi lisiloweza kujibu swali la pili limekwisha kuwa amri. Wakulima wa Algeria waliambiwa mwaka 1939 kwamba taifa lao bado linaundwa. Hawakungoja kuambiwa kwamba limekamilika.